Mbegu ya Pamba na Meza za Serikali

Kila mkulima wa Ngulyati aliyewahi kupokea mfuko wa mbegu za pamba anazijua herufi mbili: UK. Zilikuwamo katika UK 77, zikaja katika UK 82 na UK 91, na leo zimo katika UKM08. Baadhi ya vijana wetu hudhani kuwa ni alama ya Uingereza. Sivyo. Ni kifupi cha Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo wilayani Misungwi, mkoani Mwanza, na tarakimu zinazofuata huonesha mwaka ambao mbegu husika ilitolewa kwa wakulima. Kuizalisha aina moja mpya ya mbegu ya pamba huchukua miaka mingi ya kuchavusha, kuchagua na kujaribu. Hivyo mzee wetu aliyepanda UK 91 alikuwa akifukia ardhini jibu la swali lililoulizwa zamani sana, na watu ambao hakuwahi kuonana nao.

Ni nani aliyeliuliza swali hilo, na ni nani aliyelipa ili lijibiwe? Tumeona tuliandike jambo hili katika ukurasa wa familia, wala si katika kurasa za siasa, kwa kuwa hapa kwetu pamba ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo mahari ya kijana, na ndiyo sadaka inayoendesha madrasa. Mbegu isipoota, msimu umekwenda na mwaka mzima umekwenda nao.

Kituo cha Ukiriguru kilianza katika miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Waingereza. Watafiti wa pamba waliofanya kazi hapo waliletwa na shirika lililoitwa Empire Cotton Growing Corporation, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1921 kwa hati ya Mfalme. Fedha zake zilitoka katika ruzuku ya serikali ya huko, na pia katika tozo ndogo iliyotozwa viwanda vya kusokota nyuzi kwa kila robota la pamba. Wenye viwanda wa Lancashire walikuwa na hofu ya kuitegemea pamba ya Marekani peke yake, wakataka makoloni yazalishe pamba nyingi na yenye nyuzi nzuri. Hilo ndilo lililokuwa swali lao, na serikali ikalifanya kuwa swali la watafiti.

Tuseme kweli, jibu lilimfaa pia mkulima wa Usukumani. Wadudu wadogo wafyonzao utomvu wa majani walikuwa wakiikausha pamba ikingali changa, na watafiti wakagundua kuwa mimea yenye majani ya vinyweleo haishambuliwi sana. Wakaichagua kizazi baada ya kizazi, hata ikapatikana pamba inayojilinda yenyewe pasipo dawa. Wakafanya hivyo hivyo kwa ugonjwa wa bakteria unaotia madoa kwenye majani na kuozesha vitumba. Hapo maslahi ya mwenye kiwanda cha mbali na ya mwenye jembe yalikutana. Lakini viazi vitamu na mtama, chakula ambacho mama zetu walikipika kila siku, havikuwa na robota la kutozwa huko Lancashire, na utafiti wake haukupata mfadhili wa aina hiyo.

Kuna aliyesema kuwa serikali ikitoa fedha nyingi, maarifa yatafuata yenyewe. Wazee wa Kongwa wanaweza kumjibu. Mwaka 1947 Uingereza iliingia katika mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikatumia pauni zipatazo milioni 36, na kufikia mwaka 1951 mpango ukawa umekufa. Udongo wa Kongwa hukauka ukawa kama saruji, na mvua zake si za kuaminika. Matrekta yaliletwa kabla udongo haujapimwa vya kutosha.

Baada ya Uhuru, taifa lilitaka kuuliza maswali yake lenyewe. Mwaka 1968 likaundwa Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi, lililofahamika kwa jina la UTAFITI, na mwaka 1986 Bunge likatunga sheria ya kuunda Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyochukua nafasi yake. Tume hii ndiyo inayoishauri Serikali kuhusu vipaumbele vya utafiti, ndiyo inayotoa vibali kwa watafiti, wakiwamo wageni wajao nchini, na ndiyo inayosimamia mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia. Vituo vya kilimo navyo viliunganishwa chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, kwa sheria ya mwaka 2016, na Ukiriguru ikapewa jukumu la kuongoza utafiti wa pamba.

Taasisi zipo, basi. Fedha ndizo zilizobaki kuwa mtihani. Mwaka 2006, mjini Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika ziliazimia kila moja itumie walau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Miaka saba baadaye, takwimu zilizokusanywa na UNESCO ziliiweka Tanzania kwenye nusu ya asilimia moja hivi. Pengo hilo haliachwi wazi. Huja mfadhili kutoka nje akalijaza, na mfadhili, kama wale wa Lancashire, huja na swali lake mkononi.

Ndugu zetu wa Kusini wanalijua hili kwa njia nyingine. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ushuru wa korosho zinazosafirishwa nje, asilimia 65, ilirudi kuliendeleza zao lenyewe, ukiwamo utafiti unaofanywa katika kituo cha Naliendele, Mtwara. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa na ushuru wote ukaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa mikoa hiyo walipinga sana. Msimu wa 2017/18 nchi ilikuwa imevuna korosho tani zaidi ya 313,000, na msimu uliofuata zikashuka hadi 225,000 hivi. Hatusemi kuwa ushuru ndio sababu pekee, maana mwaka ule ulikuwa na misukosuko mingi ya soko na ya pembejeo. Hata hivyo, mti wa korosho hausubiri Hazina ifanye hesabu zake, na baadaye Serikali yenyewe iliona haja ya kurudisha sehemu ya fedha hizo.

Serikali haiongozi sayansi kwa fedha tu. Huiongoza pia kwa amri, na hapa ndipo mkulima hukutana nayo uso kwa uso. Mbegu haiuzwi mpaka ikaguliwe na taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, TOSCI. Mabua ya pamba lazima yang'olewe na kuchomwa baada ya mavuno. Wapo wanaoiona amri hii kuwa ni usumbufu wa mabwana shamba, nasi tunapenda kuieleza, kwa sababu hapa sayansi na sheria zimeshikana vizuri. Funza wa pamba hujificha katika vitumba na mabua yaliyobaki shambani, na akikosa pamba kwa miezi kadhaa mfululizo, idadi yake hupungua. Mmoja akiacha mabua yake, amemfugia jirani yake wadudu. Kwa sababu kama hiyo, mikoa ya kusini ya nchi yetu imezuiwa kulima pamba tangu enzi za ukoloni, ili funza mwekundu aliyeko katika nchi jirani za upande huo asipate daraja la kuvukia hadi huku kwetu. Maana yake ni kwamba kuna Watanzania walionyimwa zao hili ili sisi tuendelee kulilima. Sijui ni wangapi miongoni mwetu wanaolikumbuka hilo wakati wa mizani.

Amri nyingine ni ile ya nafasi za kupandia, ambayo katika miaka ya karibuni imezua mazungumzo marefu hata barazani pa msikiti. Zamani tulielekezwa sentimita 90 kati ya mstari na mstari, na 40 kati ya shimo na shimo. Sasa tunaelekezwa 60 kwa 30, mimea miwili kila shimo. Hesabu yake haina utata: ekari moja iliyokuwa ikibeba mimea 22,222 sasa itabeba 44,444. Watafiti wanasema mavuno yanaweza kupita kilo 1,000 kwa ekari, ilhali wastani wa wakulima wengi umekuwa kilo 200 hadi 300 tu. Hakuna mwenye akili atakayelipuuza ongezeko la namna hiyo.

Lakini mstari wa sentimita 60 ni mwembamba kwa palizi la ng'ombe tulilozoea. Palizi lisipopita, jembe la mkono ndilo litakalopita, na jembe la mkono katika familia nyingi za hapa hushikwa na mama na watoto. Mimea ikiwa maradufu, mbegu nazo ni maradufu, na dawa lazima ifike katikati ya majani yaliyosongamana. Kwenye shamba la majaribio kuna vibarua na pampu nzima, na mvua ikichelewa, mshahara wa mtafiti haukatwi. Kwa hiyo swali letu si kama 60 kwa 30 inazaa zaidi. Tunakubali kuwa inazaa. Tunauliza kama kuna aliyepima saa za mama shambani, na kama wahunzi wetu wameoneshwa palizi jembamba la kuingia katika mstari huo. Hilo nalo ni utafiti, tena wa gharama ndogo.

Pengine hakuna mahali ambapo mkono wa Serikali ulionekana wazi kuliko katika suala la mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Kanuni zetu za mwaka 2009 zilimbebesha dhima ya madhara yoyote kila aliyehusika na mbegu hizo, na watafiti wakaogopa hata kuanza. Mwaka 2015 kanuni zililegezwa kwa ajili ya majaribio, na mwaka 2016 mahindi ya majaribio yakapandwa Makutupora, Dodoma, chini ya mradi uliofadhiliwa na wakfu za Kimarekani na shirika la misaada la nchi hiyo. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ikaamuru majaribio yasimamishwe na masalia yateketezwe, na Januari 2021 Waziri akatangaza kuwa yamefutwa kabisa. Kenya, ng'ambo ya mpaka, ilikuwa imekwisha kuruhusu pamba ya namna hiyo mwishoni mwa mwaka 2019.

Tuna wasiwasi wetu kuhusu mbegu ambazo mwenye hakimiliki yuko ng'ambo, na hatuoni haya kuusema. Lakini wasiwasi si hoja ya kutosha, na habari za Burkina Faso zina mafunzo kwa pande zote mbili. Nchi hiyo ilianza kuilima pamba hiyo kwa wingi mwaka 2008. Funza walipungua na dawa zilipungua. Kisha ikagundulika kuwa nyuzi zake ni fupi kuliko za pamba yao ya asili, iliyokuwa na sifa sokoni, na kuanzia mwaka 2016 wakaiacha. Funza alikuwa amepatiwa jawabu. Urefu wa nyuzi, ambao ndio bei, haukuwekwa mezani mapema. Majaribio yetu yalipozimwa, mkulima wa Ngulyati alisikia amri redioni. Yaliyopatikana katika majaribio yale, mema au mabaya, hayakuletwa barazani kwake.

Sisi tuliosoma historia ya Kiislamu tuna mfano wa kale. Khalifa al-Ma'mun wa Baghdad, aliyetawala tangu mwaka 813 hadi 833, alitoa mali nyingi kwa wafasiri wa vitabu na kwa wanajimu, na aliwatuma wataalamu jangwani wakapime ukubwa wa dunia. Huyo huyo, mwishoni mwa utawala wake, alianzisha mahojiano ya kuwalazimisha wanazuoni wakubali rai aliyoipenda, na Imamu Ahmad bin Hanbal akafungwa minyororo kwa kukataa. Mkono ulikuwa mmoja, na hazina ilikuwa moja.

Mkutano mkuu wa chama chetu cha msingi, AMCOS, unakaribia, na ajenda kwa kawaida huishia kwenye bei na makato. Mwaka huu kamati yetu, pamoja na wazee wa makanisa jirani ambao nao ni wakulima, imekubaliana kumkabidhi ofisa ugani wa kata barua ya kufikishwa Ukiriguru. Tumeomba ekari moja ya majaribio iwekwe hapa hapa kijijini, nusu kwa nafasi mpya na nusu kwa ya zamani, ilimwe kwa ng'ombe wetu na kupaliliwa na watu wetu, na saa za kazi ziandikwe daftarini pamoja na kilo. Tumeomba pia mbegu zipimwe uotaji mbele ya wanachama kabla ya kugawanywa: mia moja katika mchanga wenye unyevu, zihesabiwe baada ya siku kumi. Akina mama waliopendekezwa kushika daftari ni wawili, na wote wanajua kusoma mizani.