Mitambo ya Kale Yapata Uhai Mpya

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu zetu askari na polisi wanalijua jambo hili kuliko wengi, kwani kesi husimama au huanguka kwa yale yaliyoandikwa na kuhifadhiwa. Lakini daftari la kompyuta lina udhaifu wake. Karatasi ya miaka arobaini iliyopita yasomeka kwa macho. Diski ya umri huo haisomeki pasipo mtambo, na mitambo ile inakufa mmoja baada ya mwingine.

Dawa mojawapo ni kiigizi, yaani programu inayoifanya kompyuta ya leo itende kazi kama ile ya kale. Kompyuta, mfano wa kuruta uwanjani, hufuata amri tu, na kila aina ina lugha yake ya amri. Kiigizi huzipokea amri zilizoandikiwa mtambo wa zamani, huzifasiri na kuzitimiza kwa utaratibu uleule. Kompyuta ya IBM PC, iliyotolewa Marekani mwezi Agosti 1981, ilikwenda kwa mapigo milioni 4.77 kwa sekunde. Kompyuta za leo huhesabu mapigo kwa mabilioni, hivyo zina nguvu ya kutosha kwa ukalimani huo.

Mwaka 2011 Mfaransa Fabrice Bellard alidhihirisha kwamba kompyuta nzima yaweza kuigizwa ndani ya kivinjari, ile programu tunayofungulia kurasa za intaneti. Mtumiaji hahitaji tena fundi wala mtambo wa pekee. Mwaka 2013 maktaba ya Internet Archive, yenye makao yake San Francisco, ilianza kuwafungulia watu wote programu za kale kwa njia hiyo. Miongoni mwazo ni VisiCalc ya mwaka 1979, kazi ya Dan Bricklin na Bob Frankston, iliyowapa wenye kompyuta ndogo jedwali la kupigia hesabu.

Wapelelezi nao wamepata fungu lao. Mwaka 2016 maktaba hiyo, pamoja na mtaalamu Mikko Hyppönen wa Finland, ilifungua makumbusho ya virusi vya kompyuta vya miaka ya 1980 na 1990. Virusi hivyo vimeng'olewa meno yake, kisha vikawekwa ndani ya kiigizi. Kivinjari nacho ni mfano wa mahabusu: kilichomo humo hakiruhusiwi kuyagusa majalada ya mwenye kompyuta. Hivyo mwanafunzi humtazama adui kwa karibu bila kudhurika.

Hata hivyo, kiigizi si mganga wa kila maradhi. Hakiwezi kuirudisha diski iliyooza, wala kuisoma hati ambayo programu yake imetupwa. Tena programu nyingi za kale zingali na wenyewe kisheria.

Kwa hiyo, kabla ya kompyuta yoyote ya ofisi kufutwa katika orodha ya vifaa, yatupasa kufanya mambo matatu: kunakili yaliyomo katika diski zake, kuhifadhi programu zilizoyaandika, na kuandika mtambo ulikuwa wa aina gani. Mtambo ukifa, mwingine waweza kuuigiza. Ushahidi ukipotea, hakuna wa kuuigiza.