Mbwa Mwoga na Umbali Anaouchagua Mwenyewe

Mbwa aliyeokotwa mitaani, au aliyetolewa mikononi mwa mtu aliyemtesa, mara nyingi hufika katika makao mapya akiwa na woga ambao wenyeji wake huuelewa vibaya. Akijibanza kwenye kona na kukataa chakula huitwa mkaidi, akinguruma huitwa mkali, na akitulia tuli husifiwa kuwa mpole, ilhali utulivu huo huweza kuwa dalili ya hofu iliyokithiri, kwa kuwa mnyama asiyeona pa kukimbilia huganda. Kumfunza mbwa wa namna hii hakuanzi na amri za kukaa au kulala. Kazi ya kwanza ni kubadili anavyojisikia binadamu anapomkaribia, na kwa kuwa hisia hazibadiliki kwa amri, nguvu haisaidii.

Si kila mbwa mwoga amepigwa. Mwaka 1961 Daniel Freedman na wenzake, waliofanya utafiti wao Bar Harbor katika jimbo la Maine, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watoto wa mbwa walilelewa na mama zao ndani ya ua mrefu bila kuzoeshwa watu, kisha wakatolewa kwa zamu, wakiwa na umri tofauti, ili wakae na binadamu kwa muda mfupi. Wale ambao hawakupata nafasi hiyo hadi wiki ya 14 waliwakimbia watu kama wanyama wa mwituni, ingawa hakuna aliyewahi kuwadhuru. John Paul Scott na John Fuller, katika kitabu chao cha 1965, walieleza kwamba kipindi cha mazoea, yaani umri ambao mbwa hujifunza nani na nini ni vya kawaida katika dunia yake, huanza takriban wiki ya 3 na kufifia karibu na wiki ya 12. Kwa hiyo mbwa koko aliyezaliwa nyuma ya soko la Nairobi au Dar es Salaam, hata kama amebahatika kukwepa mawe ya watoto, huenda anaogopa kwa sababu tu kipindi hicho kilimpita bila mkono wa mtu.

Njia ya kumtoa katika hali hiyo ilionekana kwanza kwa binadamu. Mwaka 1924 Mary Cover Jones alieleza jinsi alivyomsaidia mtoto aitwaye Peter, aliyemwogopa sungura: mtoto alipewa chakula anachokipenda huku sungura akiwa mbali ndani ya kizimba, na mnyama akasogezwa kidogo kidogo hadi Peter akaweza kumgusa. Hapo kuna mbinu mbili zinazokwenda pamoja, nazo ni kuzoesha kwa hatua, ambako kinachotisha huletwa kwa kiasi kidogo kinachovumilika, na kugeuza hisia, ambako kitu hicho hicho huambatanishwa na jambo la kupendeza. Kumpa chakula mbwa anayeogopa hakumfunzi kuogopa zaidi, kama wengi wanavyodhani, kwa kuwa woga si tendo analolifanya ili alipwe.

Ugumu wote uko kwenye umbali. Kila mbwa mwoga ana mpaka ambao nje yake humwona mtu na bado anaweza kula, na ndani yake akili hujaa hofu asiweze kujifunza lolote. Mbwa anayelamba midomo bila kuwa na chakula, anayepiga miayo bila usingizi, anayegeuza kichwa na kuonyesha weupe wa jicho, anasema kwamba mpaka umekaribia. Na akikataa kipande cha ini ambacho asubuhi alikila kwa pupa, mpaka umekwisha kuvukwa, na anayestahili kurudi nyuma ni mtu. Mpangilio nao ni muhimu: mtu atokee kwanza, chakula kifuate, kwani chakula kikitangulia kila mara, mbwa hujifunza kukitilia shaka chakula chenyewe.

Kosa la watu wenye huruma ni kumnyooshea kipande mkononi ili asogee. Njaa humvuta mbele huku woga ukimrudisha, na akishameza hujikuta karibu na kile anachokiogopa. Ni afadhali zaidi mtu akae sakafuni ubavu-ubavu bila kumkodolea macho, kisha arushe kipande cha ini au dagaa wa kukaanga nyuma ya mbwa, ili mnyama apate mambo mawili kwa mpigo: chakula na nafasi ya kuondoka. Akirudi karibu baada ya kula, amerudi kwa hiari, na hiari hiyo ndiyo mafunzo yenyewe.

Kugusa nako kuombewe ruhusa kwa kumkuna kifuani kwa sekunde chache, si kumshika utosini, kisha mkono uondolewe; akijisogeza, akunwe tena, na akigeuka, aachwe. Ngurumo isiadhibiwe kamwe, kwani mbwa aliyenyamazishwa bado anaogopa ila amepoteza njia ya kuonya kabla ya kuuma.

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mbwa hufungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku alinde, utaratibu unaomnyima mbwa mwoga nafasi ya kuwazoea watu katika utulivu. Anahitaji mahali pake pa kujificha ambapo watoto hawaruhusiwi kumfuata, chanjo ya kichaa cha mbwa, na uchunguzi wa daktari wa mifugo, maana maumivu yaliyofichika huongeza woga, na wapo wanaohitaji dawa za kupunguza wasiwasi ndipo mafunzo yawezekane. Baadhi yao watamwamini mtu mmoja au wawili tu maisha yao yote, na mgeni anapobisha hodi wataendelea kwenda kujificha. Waachwe waende, na mgeni aombwe asiwafuate.