Je, Wajua? Mtunzi wa Sarafina! Ndiye Anayechomwa Moto

Sarafina!, mchezo wa jukwaani wenye nyimbo ulioanza Johannesburg mwaka 1987, ulitungwa na Mbongeni Ngema. Ulipogeuzwa filamu mwaka 1992, Leleti Khumalo alibaki kuwa Sarafina, Miriam Makeba akawa mama yake, na Ngema mwenyewe akaigiza Sabela, askari anayechomwa na wanafunzi wenye hasira. Watazamaji wanaoshangilia kifo hicho, kumbe wanamshangilia mtunzi akiteketea!

Katika kambi za Kibondo, Tanzania, ambako shirika la FilmAid liliwaonesha wakimbizi wa Burundi sinema za usiku mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisa cha Sarafina!, cha wanafunzi mbele ya bunduki, kisingehitaji mkalimani. Nyimbo za Kizulu, labda.