Feni ya Kadi ya Michoro Ikigoma Baada ya Kusasisha Linux

Watumiaji wa kompyuta zenye mfumo endeshi wa Linux wanashauriwa kutokimbilia kununua feni mpya pale feni ya kadi ya michoro inapoacha kufuata maelekezo baada ya kerneli kusasishwa. Mara nyingi feni ni nzima. Kilichobadilika ni anwani yake ndani ya mfumo.

Kwa kadi za AMD, kerneli huonesha feni na kipimajoto katika folda ya hwmon, ambayo hupewa namba kila kompyuta inapowashwa. Namba hiyo si ya kudumu: hwmon2 ya jana yaweza kuwa hwmon3 leo. Programu iliyoelekezwa kwenye namba ya zamani huikosa feni, au husoma joto la kifaa kingine na kuiacha kadi ichemke.

Hatua za kuchukua ni hizi:

1. Simamisha programu hiyo.
2. Tafuta folda ambayo faili yake ya name ina neno amdgpu.
3. Kwa mamlaka ya msimamizi, andika 2 katika faili ya pwm1_enable ili udhibiti wa kiotomatiki urejee.
4. Elekeza programu iitambue kadi kwa jina, si kwa namba.

Tatizo likiendelea, washa kompyuta kwa kerneli ya awali kupitia menyu ya GRUB.