Pikipiki Ina Wezi Wawili

Zamani mtu aliyefanikiwa alijulikana kwa ng'ombe wake. Siku hizi, katika sehemu nyingi za Kenya, kijana akipata fedha zake za kwanza hafikirii ng'ombe bali pikipiki. Wala si ajabu. Pikipiki hupeleka maziwa kiwandani kabla jua halijawa kali, humfikisha mama mjamzito hospitalini mahali ambapo gari halipiti, na jioni humrudishia mwenyewe shilingi za kununua unga na kulipa karo.

Jina la boda boda lilianza kule Busia, katika miaka ya 1960, wakati watu wenye baiskeli walipochukua abiria na mizigo yao baina ya kituo cha mpaka cha Kenya na kile cha Uganda. Baadaye baiskeli ikaipisha pikipiki, na leo hakuna soko wala njia panda isiyo na steji ya vijana wanaongojea abiria. Kazi hiyo imelisha nyumba nyingi. Walakini wako wengi walioanza vizuri na mwaka haukuisha kabla hawajarudi kutembea kwa miguu. Ukiwauliza sababu, mmoja husema pikipiki yake iliibwa, na mwingine husema yake iliharibika. Kwa kweli wote wawili waliibiwa, maana pikipiki ina wezi wawili. Mmoja huja usiku akiwa na bisibisi mfukoni. Wa pili ni uzembe wa mwenyewe, naye huiba mchana kutwa, kidogo kidogo, bila kusikika.

DENI HALIIBIWI

Na ichukuliwe hali ya kijana mwenye shamba la ekari mbili upande wa Kinangop. Amenunua pikipiki kwa mkopo wa chama cha akiba, na kila wiki hana budi kupeleka fedha. Asubuhi hubeba maziwa, mchana hubeba abiria, na siku ya Jumapili humpeleka mama yake kanisani. Pikipiki ikiibwa usiku mmoja, deni halikuibwa pamoja nayo. Wiki ijayo atatakiwa kulipa kama kawaida, kwa chombo ambacho mtu mwingine anakipanda. Basi atauza mbuzi, kisha ndama, na huenda hata kipande cha shamba kikaingia hatarini.

Wengi hujifariji kwa kusema, "Nina bima." Lakini yafaa mtu aisome karatasi ya bima yake vizuri. Bima ambayo sheria inamlazimu kila mwenye chombo cha moto kuwa nayo ni ile ya kuwalinda watu wengine wanaoweza kuumizwa barabarani. Bima hiyo hailipi pikipiki ikiibwa. Anayetaka kulipwa kwa wizi sharti anunue bima kubwa zaidi inayotaja wizi waziwazi, na aulize kabla ya kutia sahihi, si baada ya kuibiwa.

MWIZI WA USIKU

Mwizi wa pikipiki hapendi kazi ndefu. Hutafuta ile iliyoachwa na ufunguo dukani kwa dakika moja, au ile iliyoegemezwa nyuma ya nyumba bila kufungwa. Kila kizuizi kinachomwongezea dakika humwongezea na hofu. Kwa hiyo mtu mwenye busara haweki tumaini lake katika kufuli moja.

Kwanza, afunge usukani kila anaposhuka, hata kama anaingia dukani kununua kiberiti tu. Lakini ufungo wa usukani si imara sana, na mtu mwenye nguvu aweza kuuvunja. Kwa hiyo, pili, apitishe mnyororo mnene katika gurudumu na kuufunga kwenye nguzo, mti au pete ya chuma iliyojengewa sakafuni. Pikipiki iliyofungwa gurudumu peke yake yaweza kuinuliwa na watu wawili na kutupwa ndani ya gari dogo la mizigo. Mnyororo usilale chini, maana ukilala chini ni rahisi kuupiga kwa nyundo. Tatu, fundi wa umeme aweza kuweka swichi ya siri inayokata moto wa injini, na mahali pake pajulikane na mwenyewe tu. Nne, viko vifaa vidogo vinavyofichwa ndani ya pikipiki na kuonyesha katika simu ya mkononi mahali ilipo. Wakopeshaji wengine huviweka wenyewe. Usiku, mahali pema pa pikipiki ni ndani ya nyumba au ghala lenye mlango imara, mbali na moto wa jikoni kwa ajili ya petroli.

Tena yuko mwizi asiyevunja kufuli, bali hukodi pikipiki kama abiria wa kawaida. Hutaka kupelekwa mahali mbali penye giza, naye huongeza nauli bila kubishana. Huko njiani wenzake wanangoja. Mwingine ni mkarimu, humnunulia dereva soda au chai iliyotiwa dawa ya usingizi, naye huamka hospitalini bila pikipiki wala simu. Jambo la kufanya ni kukataa kinywaji cha mtu asiyejulikana, na kuwaambia wenzake pale steji, mbele ya abiria mwenyewe, "Nampeleka huyu mahali fulani, nitarudi saa fulani." Mwenye nia mbaya akisikia hivyo mara nyingi hukumbuka shughuli nyingine. Safari ikitiliwa shaka, iachwe. Nauli ya safari moja haiwezi kulinganishwa na pikipiki, na pikipiki nayo haiwezi kulinganishwa na uhai wa mtu. Anayeshikwa na watu wenye silaha aitoe.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwenye pikipiki na anunue daftari dogo. Katika ukurasa wa kwanza aandike namba ya usajili, namba ya fremu iliyopigwa katika chuma cha shingo ya usukani, na namba ya injini iliyopigwa katika injini yenyewe. Aandike pia alama ambazo mgeni hawezi kuzijua, kama mkwaruzo chini ya tangi au herufi alizozichora mwenyewe chini ya kiti. Daftari hilo likae nyumbani, na picha zake ziwe katika simu ya ndugu yake. Mwizi hubadilisha kibao cha namba kwa muda mfupi, lakini namba iliyopigwa katika chuma ni kazi kuifuta, na ikifutwa kovu lake huonekana.

Wizi ukitokea, saa ya kwanza ndiyo yenye thamani. Aliyeibiwa apige simu kwa wenzake wa steji za njia zote zinazotoka mjini, kisha aende kituo cha polisi pamoja na namba zake. Habari ziandikwe katika kitabu cha matukio, naye apewe namba ya taarifa hiyo, maana bila namba hiyo bima haitamsikiliza. Mwenye mkopo amwarifu pia mkopeshaji siku hiyohiyo. Pikipiki zilizoibwa huweza kuvushwa mpaka au kufunguliwa vipande vipande, na anayekawia hadi asubuhi amempa mwizi safari ya usiku mzima.

Iko hatari nyingine. Mwizi akikamatwa, umati hukusanyika kwa mawe na viberiti. Hasira hiyo inafahamika, lakini kumwua mtu ni kosa kubwa kuliko wizi, na mara kadha wa kadha aliyeuawa huonekana baadaye kwamba hakuwa mwizi. Zaidi ya hayo, maiti haiwezi kuonyesha pikipiki nyingine zilikofichwa wala kumtaja mnunuzi wake. Mshukiwa apelekwe kwa polisi akiwa hai.

Na mnunuzi huyo ndiye mzizi wa maovu haya. Kama hakuna anayenunua, hakuna anayeiba. Anayeuziwa pikipiki kwa nusu ya bei, bila kuonyeshwa hati ya umiliki, anajua moyoni mwake anachonunua. Sheria ya Kenya ya makosa ya jinai, katika kifungu cha 322, inasema kwamba anayepokea mali ya wizi huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni ya wizi, aweza kufungwa hadi miaka 14. Hata kioo na betri vya bei rahisi ajabu, visivyo na risiti, huenda vilitolewa katika pikipiki ya jirani.

MWIZI WA MCHANA

Huyu wa pili hashikwi na polisi. Kazi yake ni ya chovya chovya, ambayo humaliza buyu la asali.

Huanzia katika oili ya injini. Dereva anayekwenda kilomita 100 kila siku, kwa siku sita za juma, hupita kilomita 2,400 katika majuma manne. Oili iliyoingia ikiwa safi kama asali hutoka nyeusi na nyepesi, imechoka. Muda wa kuibadilisha umeandikwa katika kitabu kinachokuja na pikipiki, na anayebeba mizigo mizito katika vumbi hana budi kuibadilisha mapema zaidi. Kipimo chake kitazamwe kila asubuhi, pikipiki ikiwa imesimama wima mahali palipo sawa. Moshi wa samawati ukionekana, injini inachoma oili. Anayeupuuza atasikia siku moja mlio wa kukwama, na hapo gharama si ya lita moja ya oili tena, bali ya pistoni na silinda.

Chujio la hewa nalo husahauliwa kwa kuwa limefichika. Lile la sponji huoshwa, hukaushwa na kutiwa oili kidogo. Lile la karatasi hubadilishwa likichafuka. Wako wanaolitoa kabisa wakidhani pikipiki itapata nguvu. Kwa siku chache huenda ikawa hivyo, lakini vumbi la murami likiingia katika silinda husaga chuma kama msasa.

Cheni ikikauka hulia, na kilio chake ni ombi. Isafishwe na kutiwa mafuta yake, hasa baada ya mvua na matope. Isikazwe mno, kwa maana abiria akiketi hukazika zaidi na kuharibu meno yake na beringi. Wala isilegee mno, isije ikaruka na kufunga gurudumu mwendoni. Wakati wa kuikaza, alama za pande mbili za gurudumu la nyuma zilingane, na breki ya nyuma ijaribiwe tena, maana gurudumu limesogea.

Matairi yapimwe upepo asubuhi kabla hayajapata moto, na tairi lenye kipara litupwe. Nati na bolti zikazwe kila juma, kwa sababu barabara mbovu huzilegeza. Anayeosha pikipiki kwa mpira wa maji yenye nguvu asiyaelekeze katikati ya magurudumu wala kwenye nyaya za umeme. Petroli inunuliwe katika kituo kinachoaminika. Ile ya chupa kando ya njia huweza kuwa imechanganywa na mafuta ya taa. Uovu huo ulienea hata mwaka 2018 Serikali ikaweka ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, ili wachanganyaji wasipate faida. Tena sheria huruhusu abiria mmoja tu. Anayebeba watatu hupata nauli ya leo na kuuza springi za kesho.

WEZI HAWA NI MARAFIKI

Mtu aweza kuuliza, kwa nini mambo haya mawili yasemwe pamoja? Ni kwa sababu wezi hawa wawili husaidiana. Pikipiki iliyozimika saa nne ya usiku katika msitu, kwa ajili ya plagi chafu ambayo ingesafishwa mchana, imemwita mwizi kwa jina lake. Na fedha zilizokwenda kununua injini mpya ndizo zingenunua mnyororo na kufuli.

Kwa hiyo daftari lile lisiishie katika ukurasa wa kwanza. Kurasa za nyuma ziandikwe siku oili ilipobadilishwa, kilomita zilizosomwa, kifaa kilichonunuliwa na bei yake. Mwenye kuitazama pikipiki yake kwa dakika tano kila asubuhi huijua kama mchungaji anavyomjua ng'ombe wake. Akiiona mahali popote, hata ikiwa imepakwa rangi mpya, ataitambua na atakuwa na maandishi ya kuthibitisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa pikipiki huzibwa kwa kitambaa, spana, kufuli na kalamu.