Mgeni Asiyepewa Jembe

Riwaya ya kumficha mkimbizi, ikiwa mwandishi wake anaijua kazi, hutisha kuanzia jikoni. Unga uliokuwa ukiwatosha watu watano sasa unaliwa na sita, na mwenye duka anajua kila nyumba hununua kilo ngapi kwa wiki. Nguo za mtu wa ziada haziwezi kuanikwa uani. Msimulizi, ambaye katika vitabu vya vijana aghalabu ni mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili, anaanza kusikia mambo ambayo jana hakuyajali: kikohozi chumba cha pili, hodi isiyoitikiwa, mama mcha Mungu akimwambia jirani uongo bila kupepesa macho.

Pwani kuna msemo kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtu aliyefichwa hapewi jembe, kwa sababu shambani ataonekana. Anabaki kuwa mgeni mwezi mzima, mwaka mzima, akila bila kulima, na hata mwenyeji mwenye roho safi hufika mahali akachoka. Uchovu huo ndio unaotofautisha riwaya nzuri na kijitabu cha kusifu mashujaa.

Mfano unaotajwa sana ni *Number the Stars*, riwaya ya Mmarekani Lois Lowry iliyotoka mwaka 1989. Ni Copenhagen, mwaka 1943, na Wanazi wanajiandaa kuwakamata Wayahudi wa Denmark. Ellen, msichana wa Kiyahudi, anapewa nafasi ya dada aliyefariki wa rafiki yake Annemarie, na askari wakibisha usiku lazima awe dada huyo. Nyuma ya hadithi kuna tukio la kweli: Oktoba mwaka huo Wayahudi zaidi ya 7,000 walivushwa hadi Sweden, wengi wao kwa mashua za wavuvi. Msomaji wa Gazi au Vanga, vijiji vya wavuvi vya pwani ya Kenya, hahitaji kuelezwa kwa nini wavuvi. Mvuvi akiondoka usiku hakuna anayemuuliza aendako.

Kenya nayo ina kisa chake, ila kimepinda. Stefanie Zweig alizaliwa mwaka 1932 huko Leobschütz, Silesia, iliyokuwa Ujerumani wakati huo. Baba yake alikuwa wakili, na Wanazi walimnyima Myahudi haki ya kufanya kazi hiyo. Mwaka 1938 familia ilikimbilia Kenya, wakili akageuka msimamizi wa shamba la mtu. Vita vilipotangazwa Septemba 1939, serikali ya kikoloni ikawatia kizuizini wanaume Wajerumani, Wayahudi wakiwemo, kana kwamba aliyemkimbia Hitler ni wakala wake. Baadaye baba huyo alivaa sare za jeshi la Uingereza, na mwaka 1947 familia ikarudi Ujerumani. Stefanie alianza kuyaandika maisha hayo katika riwaya ya vijana mwaka 1980, kisha mwaka 1995 akatoa *Nirgendwo in Afrika*, iliyomjengea jina. Filamu yake, iliyoongozwa na Caroline Link, ilishinda Oscar mwaka 2003.

Sasa, katika kisa hiki nani alimhifadhi nani? Kibali cha kuingia kilitoka kwa Mwingereza. Shamba lilikuwa la mlowezi. Lakini anayemlea mtoto Regina riwayani, anayemfundisha lugha na kumwondolea hofu, ni Owuor, mpishi Mjaluo ambaye katika nchi yake mwenyewe hana sauti juu ya nani aingie na nani atoke. Zweig anampenda Owuor mno, na hapo ndipo kitabu kinapolegea. Owuor hachoki, ana busara kila ukurasa, na shida za nyumbani kwake hazimsumbui msomaji. Mwenyeji asiye na siku mbaya si mtu kamili, na kijana wa miaka kumi na tano hulibaini hilo upesi kuliko mhakiki.

Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya, ina malighafi ya kusahihisha kasoro hiyo, na si ya zamani sana. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, Mombasa, wakaua askari na kuiba bunduki. Ghasia zikashuka kusini hadi Ukunda, Diani na Msambweni. Vipeperushi viliwataka watu wa bara waondoke. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na waliohama walikadiriwa kufika 100,000. Maelfu walilala katika uwanja wa Kanisa Katoliki la Likoni. Baadhi ya wavamizi walikuwa wamepiga kambi katika msitu wa Kaya Bombo. Kwa mapokeo ya Mijikenda, kaya ni mahali walipojificha wahenga wakikimbia maadui. Mwandishi anayetafuta kinaya hana haja ya kukibuni.

Wanafunzi wa Kenya wamekwisha kusoma habari za wakimbizi wa ndani katika *Chozi la Heri* ya Assumpta Matei, inayotazama ghasia za uchaguzi. Lakini pale macho ni ya anayekimbia. Kinachosubiri kuandikwa ni upande wa mlango wa ndani: nyumba ya Kidigo, tuseme Ng'ombeni, na mtoto wa jirani kutoka bara amelala uvunguni. Matamshi yake yatamsaliti kabla ya sura yake. Kwa hiyo binti wa nyumba lazima amfundishe Kidigo cha kutosha kuitikia salamu kabla jua halijazama, huku kaka yake mkubwa, aliyekula kiapo cha wavamizi au anayedhaniwa amekula, haijulikani atarudi saa ngapi. Hapo mama hawezi kuwa Owuor. Anamwogopa mwanawe wa kumzaa.

Utafiti nao si mgumu kuanza. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyochunguza ghasia za kikabila nchini Kenya, ilisikiliza mashahidi na kukabidhi ripoti yake mwaka 1999, ingawa serikali iliikalia hadi 2002. Ripoti hiyo ina majina ya vituo, saa na njia walizopita wavamizi. Lakini ripoti ya tume haikuandikwa kwa sauti ya watoto, na waliokuwa na miaka kumi mwaka 1997 leo ni wazazi. Wengine bado wanaishi Ukunda na Likoni, na wanaweza kuulizwa chakula kilipikwa saa ngapi usiku ule na nani alikwenda kuteka maji.