Kiberiti cha jeti: usikilete dukani kama hujajipanga na gesi yake

Watu wawili wameniandikia wiki hii, mmoja yuko Hedaru mwingine Kihurio, wote wanauliza kuhusu vile viberiti vya gesi vinavyotoa moto wa bluu unaovuma. Wameona vinauzwa bei nzuri kuliko viberiti vya kawaida, wanataka kuweka dukani. Mimi nauza hivyo vitu hapa Ndungu mwaka wa tatu sasa, kwa hiyo naandika ninachokijua. Ni bidhaa nzuri, ila sio ya kuweka kwenye kaunta ukaisahau kama pipi.

Kwanza tusichanganyane majina. Mteja akisema "kiberiti cha tochi" mara nyingi anataka kile cha bei rahisi chenye kitaa kwa chini, cha kumulika tundu la kitasa usiku. Sio hicho. Hiki ninachokisema moto wake umenyooka kama msumari, unatoa sauti, na upepo hauuyumbishi. Wengine hapa kwetu wanasema tu "kile kinachovuma". Mimi naita cha jeti.

Tofauti yake iko ndani. Kiberiti cha kawaida kinatoa gesi, gesi inakutana na hewa ikishafika nje, ndio maana moto ni wa njano, mlaini, ukipulizwa kidogo umezimika. Cha jeti kinapitisha gesi kwenye tundu dogo sana kwa kasi, inavuta hewa humo humo ndani na kuchanganyika nayo kabla ya kuwaka. Moto unatoka mkali, joto linapita nyuzi 1,000. Cheche nayo haitoki kwenye jiwe la kusugua. Ukibonyeza unasikia "taa!", hapo kuna kinyundo kimegonga kijiwe maalumu ambacho kikigongwa kinatoa umeme. Tabia hiyo ya mawe iligunduliwa na ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1880. Mwambie mteja hilo uone anavyokodoa macho.

Kwenye boksi utakuta picha ya sigara nene kama kidole gumba. Hiyo ni siga, majani ya tumbaku yaliyoviringishwa, na viberiti hivi vingi vimetengenezwa kwa ajili ya wavutaji wake. Wao hawataki kiberiti cha petroli kwa sababu harufu inaingia kwenye tumbaku, na wanataka moto wa kuwasha ncha yote kwa usawa. Hawagusishi moto kwenye siga. Wanaishika juu kidogo ya ncha ya moto, wanaizungusha taratibu mpaka mduara wote uwe mwekundu. Mimi tangu nimeanza sijamuuzia mvuta siga hata mmoja. Lakini ule ujuzi wao wa kutogusisha nimeuchukua na namfundisha kila mteja, kwa sababu joto kubwa liko pale mbele ya ule mshale mdogo wa bluu unaong'aa, sio ndani yake. Ukichomeka kitu ndani ya moto unapoteza joto na unarudishia uchafu kwenye mdomo wa kiberiti.

Wateja wangu ni akina nani? Fundi simu na fundi umeme wa pikipiki, wanasinyaza ile mipira ya kufunikia maungio ya waya. Wauza kamba, wanayeyusha ncha ya kamba ya manila isifumuke. (Ya katani usijaribu, sisi watu wa mkonge tunajua, ile haiyeyuki, inaungua tu.) Wafuga nyuki, kwa ajili ya bomba la moshi. Na akina mama wa jiko la mkaa wakati upepo wa huku tambarare ukishaanza fujo zake, njiti nne zinaisha mkaa haujashika.

Sasa kuchagua. Ukienda kuchukua mzigo, jua kwamba vingi vinasafirishwa bila gesi, kwa hiyo huwezi kuona moto wake dukani kwa muuzaji. Usikubali kuambiwa "ni vizima tu, chukua". Bonyeza kila kimoja mara kumi. Cheche itoke mara zote kumi, au tisa. Mwaka jana nilikuwa kwenye duka moja la jumla Kariakoo, dazeni moja nikakuta vitano cheche inatoka mara moja moja. Muuzaji akanuna, akasema nachelewesha wateja. Nikachagua vilivyo vizima nikaacha vile, na nisingevibonyeza ningekuja navyo vyote mpaka Ndungu. Angalia pia kama kuna kidirisha cha kuonyesha gesi, na kama skrubu ya kuongeza na kupunguza moto inazunguka bila kulegea. Kama boksi limeandikwa ISO 9994 ni dalili nzuri. Hicho ni kipimo cha usalama wa viberiti, na mojawapo ya majaribio yake ni kukiangusha kutoka mita 1.5 mara tatu. Pale kwenye boksi wanaweza kuandika chochote, lakini bado mimi naanza na yale yenye maandishi hayo.

Halafu midomo. Kuna cha mdomo mmoja, miwili, mpaka minne. Wenye pesa wanapenda minne kwa sababu siga ni nene. Kwa fundi, mmoja unatosha kabisa, moto unaenda pale anapotaka na gesi haiishi haraka. Cha mitatu muuzie mtu wa mkaa.

Hapa kwenye gesi ndipo penye biashara yenyewe, naomba usome taratibu. Kiberiti nanunua 3,500 nauza 5,000. Faida 1,500, na mteja huyo sitamuona tena kwa ajili ya kiberiti labda mwaka mzima. Kopo la gesi la mililita 300 nanunua 6,000. Kujaza nachukua jero. Kopo moja linanipa kujaza mara 40 hivi, maana nyingine inapotea hewani. Piga hesabu mwenyewe: 20,000 toa 6,000. Na huyo mteja akija kujaza anaondoka na vocha, na soda, na sabuni. Ndio maana nasema kama huna gesi usilete kiberiti. Kitaisha gesi, mteja atajaribu mara mbili atasema "kimekufa", na atawaambia na wenzake kwamba kwako ameuziwa feki.

Kujaza kwenyewe kuna utaratibu, na wengi wanakosea hatua ya kwanza. Kabla hujaweka gesi mpya toa hewa ya zamani. Geuza kiberiti, bonyeza lile tundu la kujazia kwa bisibisi ndogo mpaka "sssss" iishe kabisa. Hewa ikibaki ndani inachukua nafasi ya gesi, na kiberiti kitatoa cheche bila kuwaka hata kama kidirisha kinaonyesha kimejaa. Kisha zungusha skrubu mpaka kwenye alama ya kutoa. Shika kiberiti kichwa chini, kopo nalo kichwa chini juu yake, wima, sio kwa ubavu. Kandamiza mara moja kwa nguvu, sekunde tano hivi, achia. Gesi ikianza kurudi nje kimejaa.

Usikiwashe hapo hapo. Ukikishika utasikia kimekuwa cha baridi, ni gesi hiyo. Kiache dakika tano kirudi joto la kawaida, na ile gesi iliyomwagika pembeni iishe. Halafu rudisha skrubu katikati ndio ujaribu. Mimi mteja akiwa na haraka namuuzia kitu kingine hizo dakika tano zipite.

Na gesi iwe ya viberiti, butani. Kuna watu wanajazia kwenye mtungi wa kupikia, wameunganisha kimpira, wanachukua mia mbili. Ndugu zangu, ya mtungi imechanganywa na propani, na propani kwenye joto la nyuzi 30 msukumo wake ni zaidi ya mara tatu ya butani. Kile kiplastiki hakikutengenezwa kwa nguvu hiyo. Mtu anakiweka mfukoni, mfuko uko pajani. Mteja akinieleza kwamba kiberiti chake kilijazwa hivyo, sikijazi mpaka nikitoe chote nje kwanza.

Jambo linalofuata linatuhusu sisi watu wa Upare, na sijawahi kuona mtu ameliandika. Kuna fundi mmoja anatokea juu huko Vuje, alinirudishia kiberiti mara ya kwanza, nikakiwasha mbele yake, kikawaka. Akaondoka. Wiki iliyofuata karudi, amekasirika, ameacha simu za watu mezani. Nikawasha, kikawaka tena! Mbele ya wateja akaniambia mimi ni mjanja mjanja. Mara ya tatu nikamwambia twende wote, nina shangazi huko huko. Tulipofika kwake kweli kikagoma. Cheche ipo, gesi inavuma, moto hakuna.

Sababu yake ni hewa. Sisi Ndungu tuko chini kwenye tambarare ya mpunga. Ukipanda mlima hewa inazidi kuwa nyepesi, na milima yetu sio vilima, Shengena inapita mita 2,400. Kiberiti cha jeti kinategemea kuchanganya gesi na hewa kwa kiasi chake. Ukikiweka sawa huku chini, huko juu gesi inakuwa nyingi kuliko hewa na mchanganyiko haushiki moto. Watu wengi wakiona hakiwaki wanaongeza gesi, ndio wanaharibu kabisa. Dawa ni kinyume chake, punguza. Tulizungusha skrubu nusu duara kuelekea alama ya kutoa, kikawaka mara ya pili kubonyeza. Tangu siku hiyo mteja nikimuuzia namuuliza, "Unakaa chini au juu?" Wa Bombo, Vuje, Mtii, namuonyesha skrubu kabla hajalipa. Na wa juu namwambia abaki na kiberiti cha njiti ndani. Fundi yule ndiye anayeniletea wateja wengi kuliko mtu yeyote sasa hivi.

Matunzo ni madogo tu. Adui wa kwanza ni vumbi la mfukoni. Mdomo ukiziba, moto unapinda au unakatika katika. Usichokonoe kwa sindano, ukipanua lile tundu umemaliza kiberiti. Puliza kwa pampu ya baiskeli au kwa kile kipulizio cha fundi simu. Ukisikia gesi inatoka lakini cheche haipo, angalia kile kiwaya kidogo karibu na mdomo, pengine kimepinda, kirudishe taratibu kwa kijiti cha meno. Ukihisi harufu kila wakati, chovya sehemu ya kujazia tu kwenye maji uone kama inatoa mapovu. Ikitoa, kimpira cha ndani kimechoka, usikijaze tena. Na kisiwashwe mfululizo zaidi ya sekunde kumi, kichwa kinaiva. Ndio maana muuza supu anayetaka kubabua vichwa vya mbuzi simuuzii hiki, namwelekeza anunue kile kichwa cha kufunga juu ya kopo lenyewe.

Nimeacha hili la moto wa dukani kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi. Butani ni nzito kuliko hewa, kama mara mbili. Ikimwagika haipandi ikapotelea juu, inashuka sakafuni na kutambaa mpaka ikutane na kitu kinachowaka. Sasa fikiria safu zetu za maduka. Mlango huu mama anakaanga chapati, mlango ule kuna petroli ya chupa, juu bati, katikati mbao. Mimi sijazi ndani. Natoka nyuma ya duka uwanjani, mbali na jiko la jirani, na mwenye sigara mkononi anasubiri huko huko barabarani. Kuna mzee alikasirika, akasema namdharau. Nikamwomba radhi, shikamoo nikampa mara mbili, ila sikujaza mpaka alipomaliza sigara yake.

Makopo yameandikwa yasizidi nyuzi 50. Chini ya bati la Ndungu mwezi wa pili, rafu ya juu ni oveni. Yangu yanakaa chini kwenye katoni, upande usiopigwa na jua. Bodaboda nao wasiache kiberiti juu ya tangi la pikipiki juani. Na mtoto akitumwa kiberiti cha jeti simpi, hata kama namjua mama yake. Nampa cha njiti, mkubwa atakuja mwenyewe.

Kwa ndugu wa Hedaru aliyeuliza aanze na vingapi: anza na sita vya mdomo mmoja, viwili vya mdomo wa tatu, na makopo mawili ya gesi. Kimoja kati ya hivyo sita kijaze ukiweke chako cha kuonyeshea, usikiuze. Viberiti vikibaki viwili na kopo la kwanza limeisha, agiza vingine. Vikiisha viberiti lakini kopo bado limejaa, waulize waliochukua wanajaza wapi.